Sehemu saba za John Adams: ipi inaongoza, ipi inashika mkia, na zipi tatu za kuwaonyesha wanafunzi

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari aliyeko Iringa, mlezi wa klabu ya historia shuleni kwake. Anaandika:

"Shikamoo mwalimu. Kaka yangu amenipa tamthilia ya John Adams, sehemu zote saba, na nimezimaliza ndani ya wiki moja. Mimi nimelia kwenye ya saba, na kwangu hiyo ndiyo ya kwanza. Vijana wawili wa kidato cha sita walioiona kabla yangu hawataki kusikia: wanasema ya tatu, yenye vita vya baharini, haina mpinzani. Projekta ninayo, lakini nina Jumamosi tatu tu kabla ya mitihani. Wewe ungezipangaje zote saba kwa ubora, na ungechagua zipi tatu?"

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Swali lako limenifurahisha kuliko unavyodhani, maana tamthilia hii nimeitazama mwanzo hadi mwisho mara nne, na mara mbili kati ya hizo nilikuwa na daftari mkononi. Nakupa msimamo wangu kwanza, hoja zitafuata. Kwa ubora naanza na ya pili, kisha ya kwanza, ya nne, ya sita, ya saba, ya tatu, na inayoshika mkia ni ya tano. Za kuwaonyesha wanafunzi ni ya kwanza, ya pili na ya sita. Utaona orodha hizo mbili hazilingani. Sababu ipo, tutaifikia.

Kwa msomaji ambaye hajaiona: ilirushwa na HBO ya Marekani kuanzia tarehe 16 Machi hadi 20 Aprili 2008, ikiongozwa na Tom Hooper. Paul Giamatti ni John Adams, Laura Linney ni Abigail mkewe. Inaanza mwaka 1770, Boston ikiwa bado mji wa koloni la Mwingereza la Massachusetts, na inaishia 1826, Adams akiwa mzee wa miaka 90 aliyekwisha kuwa mwanasheria, mjumbe, balozi, makamu wa rais na rais wa pili wa Marekani. Jumla ni zaidi ya saa nane. Ilizoa tuzo 13 za Emmy, tuzo kubwa za televisheni za Marekani, na hadi hapo hakukuwa na tamthilia fupi iliyowahi kufikisha idadi hiyo.

Sasa kipimo changu. Watu wengi wakipima tamthilia ya kihistoria hutazama mavazi, majumba na mizinga. Vyote hivyo hapa vipo na ni vizuri, hadi meno yaliyooza na mawigi yaliyochakaa. Mimi natafuta kitu kingine: je, kuna mtu amesimama chumbani, anajua neno analotaka kulisema litamgharimu, na bado analisema? John Adams hakuwa askari. Alikuwa mwanasheria mfupi, mnene, mwepesi wa hasira, na silaha zake zilikuwa mdomo na kalamu. Sehemu inayompa chumba, wapinzani na kitu cha kupoteza humfanya awe mtu kamili mbele yetu. Sehemu inayomkokota kupitia miaka kumi na mabara mawili ndani ya saa moja humgeuza abiria.

Kwa kipimo hicho, ya pili haina mshindani. Ni miaka miwili tu, 1774 hadi 1776, na sehemu kubwa inapita ndani ya ukumbi mmoja wa Philadelphia ambako wajumbe wa makoloni wanabishana: tuendelee kumwomba Mfalme George wa Tatu, au tujitenge? Kinachonifanya niipende ni namna ilivyomtendea haki mpinzani. John Dickinson wa Pennsylvania, anayechezwa na Zeljko Ivanek, si mwoga wala si kibaraka. Ni mtu mwenye akili, uso wake umepauka, anayeona mbele yake miji iliyochomwa na vijana waliokufa, na anawasihi wenzake wasilipe bei hiyo. Hotuba yake ya mwisho anaitoa huku mvua ya radi inapiga madirishani, na kwa dakika kadhaa mtazamaji hana hakika kama Dickinson amekosea. Adams anasimama kumjibu akijua nusu ya ukumbi haimpendi.

Kisha kura. Tarehe 2 Julai 1776, makoloni 12 yanasema ndiyo, New York haipigi kura, Dickinson mwenyewe hayupo kwenye kiti chake ili Pennsylvania ipate kupita. Katibu anatangaza matokeo. Hapo mwongozaji mwingine angeleta kengele na vigelegele. Hooper ameleta kimya. Watu wazima wamekaa, wanatazamana, wengine wanatazama meza. Wametia vichwa vyao kwenye kitanzi na wanajua. Nimetazama tamthilia nyingi za kudai uhuru, za kwetu na za wengine, na sijaona tangazo la uhuru lililoonyeshwa kwa ukweli wa namna hiyo. (Waambie wanafunzi kwamba Dickinson, baada ya kushindwa, alivaa sare akaenda na wanamgambo wa Pennsylvania kukabiliana na Waingereza. Watamheshimu zaidi.)

Jambo la pili linaloipa sehemu hii uzito liko mbali na ukumbi. Ndui imeingia Massachusetts, na Abigail yuko peke yake na watoto. Daktari anafika na gari lenye mvulana mgonjwa, mwili wote malengelenge. Anatumbua lengelenge moja, anachukua usaha kwa ncha ya kisu, kisha anauchanja mkono wa Abigail na kuutia usaha ule kwenye jeraha. Halafu watoto, mmoja baada ya mwingine. Kamera haigeuki pembeni. Ukifika hapo simamisha picha, kwa sababu Kiswahili chetu kimehifadhi tendo hilo lote ndani ya neno moja. Tunasema mtoto amechanjwa, kama tunavyosema kuchanja kuni, na wanafunzi wako wanalitamka neno hilo kila siku bila kuona kisu kilichomo ndani yake. Hapo wataona.

Na usiishie hapo, maana kuna Mwafrika nyuma ya kisu hicho. Mwaka 1721, ndui ilipoivamia Boston, mchungaji Cotton Mather alikuwa ameshasikia kwa mtumwa wake aliyeitwa Onesimus, mtu kutoka Afrika Magharibi, kwamba kwao watu huchanjwa usaha wa ndui wakapona na wasiugue tena. Mather akawashawishi madaktari, na aliyethubutu kujaribu alikuwa Zabdiel Boylston. Huyo Boylston alikuwa baba mdogo wa mama yake John Adams. Kwa hiyo maarifa yaliyowakinga watoto wa Adams yalipitia kwa mtumwa kutoka Afrika, kisha yakapita ndani ya ukoo wao wenyewe. Tamthilia haisemi hayo, na ni pengo ambalo mwalimu wa historia wa Afrika analiziba vizuri kuliko mtu yeyote.

Makosa yapo pia. Kwa kweli Abigail aliwapeleka watoto Boston mjini kuchanjwa, Julai 1776, daktari hakumfuata nyumbani. Na ile mizinga iliyokokotwa kutoka ngome ya Ticonderoga isingeweza kupita mbele ya nyumba yao Braintree, kwa sababu ilitokea magharibi na Braintree iko kusini mwa Boston. Makosa hayo nayasamehe. Yanasogeza vitu karibu na macho yetu bila kubadilisha maana ya kilichotokea.

Kosa la sehemu ya kwanza silisamehei kwa urahisi hivyo, na ndilo lililoinyima nafasi ya juu kabisa. Mwanzo wake ni mzuri mno. Usiku wa tarehe 5 Machi 1770, theluji, Adams anarudi nyumbani, anasikia kengele ya moto, anakimbia na ndoo akidhani nyumba inaungua. Anafika King Street na kukuta hakuna moto. Kuna damu kwenye theluji. Askari wa Mfalme wamepiga risasi kundi la watu, na watano watakufa. Wa kwanza wao ni Crispus Attucks, baharia mwenye damu ya Kiafrika na ya wenyeji wa Marekani. Kesho yake Adams anaombwa awatetee askari wale. Mji mzima unataka wanyongwe, na binamu yake Samuel Adams ndiye kinara wa hasira za mji. Anakubali.

Hapo ndipo kipimo changu kinapofanya kazi. Kila swali analouliza mahakamani linampunguzia wateja, na linamtia mkewe na watoto hatarini. Bado anawaambia wazee kumi na wawili wa juri kwamba mambo yaliyotokea ni makaidi, hayabadiliki kwa sababu sisi tunatamani yabadilike. Maneno hayo kweli aliyasema. Wanafunzi wako wanaosoma historia ya Kenya watakumbuka Kapenguria, kesi ya Kenyatta na wenzake mwaka 1952 na 1953, na wakili Mwingereza D. N. Pritt aliyekuja kuwatetea watu ambao serikali ya nchi yake ilitaka wafungwe. Wape nafasi wazilinganishe kesi hizo mbili. Ni zoezi zuri la darasani.

Lakini angalia. Kwenye tamthilia kesi ni moja, na Kapteni Preston na askari wake wote wanaachiwa. Kwenye historia kesi zilikuwa mbili: Preston peke yake mwezi Oktoba, askari wanane baadaye. Preston aliachiwa, askari sita waliachiwa, wawili walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, wakachomwa alama kwenye dole gumba. Tofauti hiyo ni kubwa. Kesi ya kweli inatuonyesha baraza lililopima mtu mmoja mmoja: huyu alipiga, yule haikuthibitika. Kesi ya tamthilia inatuonyesha wakili bingwa aliyewashinda wote. Waandishi waliondoa jambo lenyewe lililoifanya kesi ile iwe ya haki. Na kuna jingine la kuwaambia vijana: katika hotuba yake ya kufunga utetezi, Adams alielekeza lawama kwa Crispus Attucks, akisema sura yake tu ilitosha kumtisha mtu. Wakili yuleyule aliyesimamia haki aliutumia mwili wa mtu mweusi kama ushahidi dhidi yake. Kijana wa miaka 18 anaweza kabisa kuyabeba mambo hayo mawili kwa pamoja. Usimfiche.

Tahadhari moja ya kikazi. Katika sehemu hiyohiyo umati unamkamata ofisa wa forodha, unamvua nguo zote, unammwagia lami ya moto na kumpaka manyoya, kisha unambeba juu ya gogo. Mtu huyo anaonekana uchi wa mnyama. Tukio lenyewe lina thamani kubwa, kwa sababu linaonyesha uso mwingine wa "wananchi wenye hasira", na uso wa Adams anapotazama haufichi kuchukizwa kwake. Wewe unaijua shule yako na mkuu wako. Tazama mwenyewe kwanza, uamue kama utairuka.

Kabla hatujaenda mbele, kuna tatizo la lugha ambalo litazuka dakika kumi baada ya kuwasha projekta, nami limenikuta darasani. Mwanafunzi atauliza: mwalimu, hapa mkoloni ni nani? Kwetu neno hilo halina utata, mkoloni ni aliyekuja kututawala. Hapa wanaodai uhuru ni walowezi wenyewe, watoto na wajukuu wa Waingereza, wanaomkana mfalme wao huku wamekalia ardhi ya wenyeji na wengi wao wanamiliki watumwa. Nikitafuta mfano wa karibu na sisi, simfikirii Nyerere wala Kenyatta. Nafikiria Salisbury, tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith na walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) walipojitangazia uhuru wao kutoka Uingereza. Tangazo lile liliandikwa kwa makusudi kwa kuigiza mtindo wa lile la 1776. Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza mwezi uliofuata, kwa sababu London haikuchukua hatua dhidi ya Smith. Simaanishi kwamba Adams ni Smith. Adams hakumiliki mtumwa maisha yake yote, na alitaka serikali ya sheria. Nasema kwamba mwanafunzi aliyeanza na swali la "mkoloni ni nani" anaiona tamthilia nzima kwa macho yaliyo wazi, naye ndiye atakayegundua peke yake nani hayupo kwenye ule ukumbi wa Philadelphia.

Nafasi ya tatu nimeipa ya nne kwa ajili ya dakika chache. Nyingine ni nzuri pia: Abigail anavuka bahari kumfuata mume baada ya karibu miaka mitano ya kutengana, na Linney anaingia Ufaransa kama mke wa mkulima aliyekutana na vioo, poda na wanawake wanaocheka kwa sauti. Lakini siri ya sehemu hii ni tarehe 1 Juni 1785. Adams, aliyekuwa haini machoni pa Uingereza, anaingia kwa George wa Tatu kama balozi wa kwanza wa Marekani. Amefundishwa ainame mara tatu: mlangoni, katikati ya chumba, mbele ya mfalme. Itazame miguu yake. Giamatti anatembea kama mtu anayehesabu hatua. Tom Hollander, kama mfalme, amesimama kimya tu, halafu anazungumza kwa sauti inayokatikakatika: alikuwa wa mwisho kukubali kutengana, lakini kwa kuwa kumekwisha kutokea, atakuwa wa kwanza kuupokea urafiki wa Marekani kama dola huru. Hayo yamo kwenye taarifa ya Adams mwenyewe. Wanaume wawili wenye haya, kila mmoja amepoteza kitu kwa sababu ya mwenzake, na adabu ndiyo inayowashikilia wasianguke. Kisha Adams anaondoka kinyumenyume, maana mfalme hapewi mgongo.

Hakuna mzinga ndani ya tukio hilo, na kwangu lina nguvu kuliko vita vyote vya sehemu ya tatu. Vijana wako hawatakubali. Usibishane nao, waonyeshe kipande hicho peke yake siku yenye nusu saa ya ziada.

Ya sita nimeiweka ya nne kwa ubora, lakini kwa darasani naipandisha juu ya sehemu ya mfalme. Sababu ni kwamba inamtoa shujaa wetu kwenye upinzani na kumkalisha madarakani, nasi tunamwona anavyoharibu na anavyotengeneza. Mwaka 1798, Ufaransa na Marekani zikikaribia vita, anatia saini sheria inayowatia jela wanaoandika dhidi ya serikali. Mbunge wa Vermont, Matthew Lyon, alifungwa miezi minne kwa sheria hiyo. Abigail mwenyewe, mwenye busara zake zote, aliiunga mkono. Mtu yuleyule aliyewatetea maadui mahakamani mwaka 1770! Halafu, bila kujali chama chake na Alexander Hamilton aliyetamani jeshi kubwa, anatuma wajumbe kufanya amani na Ufaransa. Mapatano yanatiwa saini 1800, habari zinafika zimechelewa kumsaidia, uchaguzi anashindwa na mpinzani wake, Thomas Jefferson. Uzeeni aliandika kwamba kwenye kaburi lake angetaka lisomeke jambo moja tu, kwamba alijitwika jukumu la amani na Ufaransa mwaka 1800.

Kuna picha moja katika sehemu hii ambayo sijaisahau. Gari la rais linaingia kwenye mji mkuu mpya, Washington, ambao bado ni tope, visiki na magogo. Ikulu haijakamilika. Na wanaoijenga ni watumwa weusi, wamechoka, wanasimama kulitazama gari linavyopita. Abigail anawatazama kupitia dirishani. Tamthilia iliyokuwa na nafasi nyingi za kuligusa suala la utumwa, ikaligusa kwa vidokezo tu, hapa inaliweka mbele ya macho bila hotuba ndefu. Ndani ya nyumba hiyohiyo Adams aliandika barua, usiku wake wa pili pale, akiomba kwamba wasitawale chini ya paa lile ila watu waaminifu na wenye hekima. Dua hiyo baadaye ilichongwa juu ya meko ya ukumbi wa chakula wa Ikulu. Wape wanafunzi vitu vyote viwili pamoja: dua na waliochanganya udongo.

Mwisho wake ni mzuri kwa vijana wanaokulia katika nchi zenye uchaguzi. Rais aliyeshindwa anapanda gari la farasi la abiria, anabanwa katikati ya watu wa kawaida wanaomkodolea macho. Katika historia aliondoka saa kumi alfajiri, tarehe 4 Machi 1801, hakubaki kumshuhudia Jefferson akiapishwa. Alikuwa amenuna, hilo halina ubishi. Lakini aliondoka. Kwa nini basi sikuipandisha zaidi? Kwa sababu ya Charles, mtoto wao mlevi. Baba anamkana, mtoto anakufa, na yote yanapitishwa mbio kati ya mikutano ya baraza la mawaziri, kana kwamba ni shughuli ya kumaliza. Msiba ule ulihitaji sehemu yake peke yake.

Sasa ya saba, yako. Najua kwa nini ulilia, nami sikulaumu. Binti yao Nabby anapatwa na saratani ya titi, na titi linakatwa bila nusukaputi, kwa sababu nusukaputi haijagunduliwa. Sarah Polley, anayemcheza Nabby, hapigi kelele nyingi. Mama yake yuko chumba cha pili na anasikia. Nilipoiona mara ya kwanza niliinuka nikatoka nje kupunga hewa. Kisha Abigail anakufa, 1818, na Giamatti anabaki ndani ya nyumba kubwa akitafuta mahali pa kuweka mikono yake. Kisha barua kati yake na Jefferson, maadui waliopatanishwa na rafiki yao Dkt. Benjamin Rush mwaka 1812. Na wote wawili wanakufa siku moja, tarehe 4 Julai 1826, miaka 50 kamili tangu tangazo la uhuru. Mtunzi wa riwaya angeogopa kuandika hivyo. Historia haikuogopa.

Tatizo langu ni kwamba sehemu hii ni mfululizo wa vifo, na kifo hakihitaji mchezo mzuri ili kimlize mtu. Karibu robo karne imebanwa mpaka tarehe zimevurugika. Nabby alipasuliwa mwaka 1811, na aliyempasua alikuwa Dkt. John Warren wa Boston. Rush alitoa ushauri wake kwa barua kutoka Philadelphia. Kwenye tamthilia Rush yupo pale pale kitandani, miaka kadhaa kabla ya wakati wake.

Hata hivyo, tafuta tukio la Faneuil Hall, ukumbi wa mikutano wa Boston. Mchoraji John Trumbull anamwonyesha mzee Adams picha yake kubwa, ile ya wajumbe wote wamekusanyika mbele ya tangazo la uhuru, ambayo leo iko kwenye jengo la Bunge la Marekani. Mzee anaikagua, kisha anakasirika: hapakuwa na siku kama hiyo, hatukusimama hivyo, watu walitia saini kwa siku tofauti, hii ni historia mbovu. Nikisikia maneno hayo nawarudia wale askari wawili waliochomwa vidole gumba, ambao tamthilia hii hii imewafuta. Ukiwa na wanafunzi wanaojua kutazama, muulize mmoja: Adams angeitazama tamthilia hii angesema nini? Kwa ajili ya swali hilo tu, kipande hicho kinafaa kuchezwa darasani hata kama sehemu nzima huionyeshi.

Ya tatu na ya tano hazitanichukua muda. Ya tatu ina bahari, ina mzinga, ina ofisa anayekatwa mguu huku Adams amemshikilia (mguu wa ofisa huyo kwa kweli uliumia mzinga ulipopasuka, si vitani), na ina Tom Wilkinson kama Benjamin Franklin, ambaye kila anapoingia ananiongezea furaha. Vijana wako wana haki ya kuipenda. Lakini baada ya dakika ishirini za mwanzo Adams anazurura Paris akiudhi watu kwa lugha asiyoijua, kisha anahamia Uholanzi kutafuta mkopo, anaugua, na mwanawe John Quincy, mwenye umri wa miaka 14, anapelekwa Urusi. Hachagui chochote kinachomgharimu. Mambo yanamtokea tu.

Ya tano inamfanya makamu wa rais, kazi ambayo yeye mwenyewe aliiona haina maana, na uchovu wake unatuambukiza. Ili kuipa msisimko, waandishi wamempa kura ya kuamua mkataba wa Jay na Uingereza. Mkataba ulihitaji theluthi mbili za Seneti na ulipita kwa kura 20 dhidi ya 10, makamu wa rais hakuwa na kura ya kupiga. Hilo ni kosa baya kuliko la mizinga ya Braintree, kwa sababu linamfundisha mwanafunzi uongo kuhusu namna katiba inavyofanya kazi. Kama utalazimika kuruka sehemu moja, ruka hii.

Kwa hiyo Jumamosi zako zigawe hivi. Ya kwanza: sehemu ya kwanza, ukianza na swali la mkoloni ni nani kabla ya kuwasha, na ukimaliza na matokeo halisi ya zile kesi mbili ubaoni. Ya pili: sehemu ya pili, ambayo ni ndefu, kama saa moja na nusu, basi anza mapema na usikate katikati isipokuwa pale kwenye kuchanja. Ya tatu: sehemu ya sita, na dakika tano za mwisho uwaonyeshe Faneuil Hall kutoka ya saba.

Jambo moja la mwisho kuhusu hiyo Jumamosi ya pili. Kura ikishatangazwa na ukumbi ule ukanyamaza, usibonyeze chochote na usieleze chochote. Wale vijana wawili wa vita vya baharini wakae mstari wa mbele.